Rangi Ikitoweka Majini, Imekwenda Wapi?

Somo la mazingira kwa wakazi wa Shinyalu: jinsi vijidudu, uyoga na mimea ya kinamasi vinavyosafisha maji machafu ya rangi za nguo

Shinyalu haina kiwanda cha nguo. Pengine utauliza kwa nini tunatenga kurasa hizi kuzungumzia maji yanayotoka kwenye viwanda vya aina hiyo. Sababu ya kwanza ni mito. Isiukhu hupita katika Msitu wa Kakamega, ukaelekea upande wa mji, na hatimaye kuungana na Nzoia. Yala hupita upande wa kusini wa msitu. Yote huishia Ziwa Viktoria, na njiani wako watu wenye mitungi, ng'ombe na mashamba. Wenzetu wa Lugari nao wako kwenye mto Kipkaren, unaopokea maji ya Sosiani, mto upitao mjini Eldoret. Huko Eldoret kipo kiwanda cha nguo cha Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua mwaka 2007 na ambacho kilizinduliwa upya mwaka 2019 baada ya kuwekewa mashine mpya. Hatusemi kwamba kiwanda hicho kinachafua mto. Tunasema tu kwamba swali la maji ya rangi ni la kaunti yetu pia, hata kama kiwanda kiko kwa jirani.

Sababu ya pili iko karibu zaidi. Kutia rangi hakuhitaji kiwanda. Beseni mbili, jiko, chumvi, magadi na pakiti ya rangi vinatosha kuanzisha biashara ya vitambaa vya tai-dai, na vikundi vya akina mama na vijana vinaifanya kazi hii katika sehemu nyingi za nchi. Ni biashara nzuri. Lakini jioni, kazi ikiisha, beseni lile humwagwa mtaroni, mtaro huenda kijitoni, na kijito huenda mtoni.

Maji haya yanaweza kusafishwa kwa kutumia viumbe hai, bila mitambo ya bei ghali. Teknolojia yenyewe si ngeni. Ila kuna swali moja ambalo ni lazima liulizwe kila mara mtu anapokuonyesha maji yaliyokuwa mekundu na sasa ni angavu: rangi imekwenda wapi?

Kilichomo ndani ya beseni

Kitambaa cha pamba kinapochovywa, si rangi yote inayoshika. Kwa rangi zinazotumiwa sana kwenye pamba siku hizi, zile zinazojifunga na uzi kwa msaada wa chumvi na magadi, sehemu inayobaki majini inaweza kufika hata nusu. Ndiyo maana suuza ya kwanza, ya pili na ya tatu zote hutoka na rangi.

Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856, Mwingereza kijana aitwaye William Henry Perkin alipokuwa akijaribu kutengeneza dawa ya malaria ya kwinini, akaambulia rangi ya zambarau. Kabla ya hapo watu walitumia mimea, kama vile nili, na magome ya miti. Rangi za kisasa ziliundwa makusudi zisipauke kwa jua, zisitoke kwa sabuni wala zisiharibiwe na jasho. Sifa hiyo tunayoitaka kwenye shati ndiyo inayotutesa mtoni. Kitu kilichoundwa kistahimili miaka mitano ya kufuliwa hakitatoweka kwa siku mbili ndani ya Isiukhu.

Zaidi ya nusu ya rangi zinazotumiwa duniani ni za kundi liitwalo azo. Jina hilo linatokana na kiungo kilichomo katikati ya kila molekyuli yake: atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana. Kiungo hicho ndicho kinachofanya macho yetu yaone nyekundu, chungwa, njano au nyeusi. Kikikatika, rangi hupotea. Kumbuka jambo hilo, maana somo lote linazunguka hapo.

Pamoja na rangi, maji hayo hubeba magadi yanayoyafanya yawe makali kama maji ya jivu, chumvi nyingi, wanga uliopakwa kwenye nyuzi kabla ya kufumwa, na wakati mwingine metali kama kromiamu na shaba. Yakiingia mtoni yakiwa mengi, huzuia mwanga kufikia mimea ya chini ya maji, na uozo wake hula oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Mto mdogo wakati wa kiangazi huumia zaidi kuliko mto mkubwa wakati wa masika.

Njia nne za rangi kutoweka

Rangi inaweza kuondoka machoni kwa njia nne, na ni moja tu inayostahili kuitwa kusafisha.

Inaweza kuzimuliwa. Mimina ndoo moja ya maji mekundu ndani ya tangi la lita elfu tano na hutaiona tena, lakini kila chembe iko mle mle. Mvua hufanya hivyo kila siku, na ndiyo maana watu hudhani mto "umejisafisha".

Inaweza kunata. Vumbi la mbao, mkaa, jivu la makapi ya miwa, samadi kavu, hata tope la kawaida huvuta rangi na kuishika. Maji hutoka angavu. Rangi sasa iko kwenye vumbi la mbao, na ukilitupa vumbi hilo shambani umehamisha tatizo kutoka mtoni hadi shambani.

Inaweza kukatwa vipande. Kile kiungo cha azo kinavunjika, rangi inapotea kweli, lakini vipande viwili vinabaki majini bila rangi yoyote. Hatari ya vipande hivi inatofautiana kwa kila rangi, na baadhi ni hatari kuliko rangi yenyewe.

Ya nne ni kuliwa. Vijidudu huchukua vile vipande, wakavivunja hadi vikawa maji, hewa ya kaboni, chumvichumvi na miili yao wenyewe. Hapo ndipo tunaweza kusema uchafu umekwisha.

Mtu anayekuuzia dawa ya kusafisha maji ya rangi mara nyingi atakuonyesha chupa mbili, moja nyeusi na moja angavu. Chupa hizo hazikuambii ni ipi kati ya njia hizi nne iliyotumika.

Hatua ya kwanza: pasipo hewa

Vijidudu vya kukata kiungo cha azo havinunuliwi. Vimo kwenye samadi ya ng'ombe, kwenye tope jeusi la kinamasi, na kwenye mabwawa ya maji taka. Vinachohitaji ni mambo mawili: chakula, na kutokuwepo kwa oksijeni.

Kwa nini oksijeni isiwepo? Fikiria mtu aliyebeba mzigo wa kuni kutoka msituni. Akifika mahali penye jiwe pana, atautua hapo. Kijidudu kinapokula wanga au sukari, hubaki na mzigo wa elektroni ambao ni lazima kiutue mahali fulani ili kiendelee kula. Oksijeni ndiyo jiwe pana: ikiwepo, kila kijidudu hutua hapo na hakuna anayeigusa rangi. Ukiondoa oksijeni, vijidudu hutafuta pengine pa kutua, na kile kiungo cha naitrojeni mbili huwa mahali pafaapo. Kikipokea mzigo huo, kinakatika.

Kwa hiyo rangi si chakula cha vijidudu katika hatua hii. Ni jalala lao. Hilo linaeleza kwa nini beseni la rangi tupu likifunikwa halibadiliki hata likikaa mwezi mzima, na linaeleza kwa nini kuongeza uji mwembamba wa unga uliochacha, maji yaliyooshewa mihogo au molasi kidogo hubadilisha mambo. Viwanda vya nguo vina bahati kwamba wanga wa kwenye nyuzi tayari umo ndani ya maji yao.

Masharti mengine ni ya kawaida. Maji makali ya magadi yatawaua vijidudu, basi kwanza yapunguzwe ukali kwa siki hadi karatasi ya litimasi isiwe ya buluu iliyokolea. Maji ya moto yaachwe yapoe. Na joto lina neno lake: vijidudu hawa hupenda nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, na huku kwetu, karibu na msitu, usiku kuna baridi. Kadiri yaliyoandikwa katika vitabu vya uhandisi, kushuka kwa nyuzi kumi hupunguza kasi yao karibu nusu. Kilichochukua siku mbili kwenye maabara yenye joto huenda kikachukua siku nne au zaidi Shinyalu. Mpangie muda mrefu, wala usimwamini mtu anayekupa muda wa Mombasa.

Tahadhari moja hapa. Rangi fulani, hasa zile za kuchovya kama nili ya viwandani, hutumia dawa yenye salfa. Salfa hiyo, ikikosa hewa, hugeuka kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza. Kidogo hukera pua. Nyingi, ndani ya shimo lililofunikwa, huua. Mtu asiingie kamwe kwenye tangi au shimo la aina hii kulisafisha, hata kama harufu imeacha kusikika, kwa sababu gesi hiyo hufisha uwezo wa pua kuinusa.

Hatua ya pili: penye hewa

Sasa maji yamepauka, na hapa ndipo wengi huachia. Vile vipande viwili vilivyobaki mara nyingi ni kemikali za jamii ya anilini. Baadhi zimethibitishwa kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya, mwaka 2002, ulipiga marufuku nguo zilizotiwa rangi za azo zinazoweza kukatika na kutoa kemikali 22 zilizoorodheshwa za jamii hiyo. Sheria hiyo ilihusu nguo zinazogusa ngozi, lakini kemia ni ile ile iliyomo kwenye tangi letu.

Jambo la ajabu ni kwamba vipande hivi vina tabia kinyume na mama yao. Rangi nzima huvunjika pasipo hewa na hukaidi penye hewa. Vipande vyake vingi hukaidi pasipo hewa na huliwa penye hewa. Ndiyo maana mfumo wa kweli una hatua mbili zinazofuatana, na ukigeuza mpangilio huo hupati kitu.

Hatua ya pili ni ufundi wa zamani. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba ukipuliza hewa kwenye maji taka, ukaacha tope litue, ukamwaga maji ya juu na kulibakiza tope kwa ajili ya maji yanayofuata, vijidudu huzidi kuwa wengi na hodari kila mzunguko. Mitambo mingi mikubwa ya maji taka duniani hutumia mbinu hiyo. Mahali pasipo na umeme wa kutosha, hewa inaweza kuingia kwa njia nyingine: bwawa lisilo na kina kirefu, maji kuanguka ngazi kwa ngazi juu ya mawe, au kitanda cha kokoto chenye mimea.

Vijidudu wa hatua hii hufundishika. Tope lililowahi kupokea maji ya rangi kwa wiki kadhaa hufanya kazi vizuri kuliko tope jipya, kwa kuwa wale wanaoweza kula anilini wamezaana. Ukilitupa tope lote kila Ijumaa ili tangi lionekane safi, unamfukuza fundi aliyekwisha kujua kazi.

Uyoga juu ya gogo

Wakazi wa kando ya Msitu wa Kakamega wamewaona wataalamu wengine wa kazi hii bila kuwatambua. Gogo lililolala msituni kwa miaka, likilika na uyoga, hubaki jeupe, laini, lenye nyuzinyuzi. Kuvu waliolifanya hivyo wameondoa lignini, ile gundi ya kahawia inayoifanya mbao iwe ngumu. Lignini ni kitu kisicho na mpangilio maalumu, kwa hiyo kuvu hawa hutoa vimeng'enya visivyochagua: huchoma karibu kila kitu chenye umbo linalofanana nayo. Rangi nyingi za nguo zina umbo hilo.

Mwaka 1983, watafiti Glenn na Gold wa Marekani walichapisha matokeo yanayoonyesha kuvu aitwaye Phanerochaete chrysosporium akipausha rangi kadhaa. Tangu hapo kazi nyingi zimefanywa na kuvu wa aina hiyo, na mmoja wao ni uyoga wa oista, ule ule ambao wakulima huukuza kwenye mifuko ya makapi ya miwa au nyasi. Tofauti yao na vijidudu wa samadi ni kwamba wanahitaji hewa, na hawaachi vipande vilivyokatwa katikati kwa mtindo ule wa hatua ya kwanza.

Kwetu hili lina maana. Mfuko wa uyoga ukishavunwa mara tatu au nne hutupwa, lakini vimeng'enya bado vimo. Maji ya rangi yaliyopunguzwa makali yakichujwa polepole kupitia makapi hayo yataacha sehemu ya rangi. Sehemu nyingine itakuwa imenata tu, kwa hiyo makapi hayo yakae mahali penye unyevu na kivuli kwa miezi ili kuvu waendelee na kazi, wala yasitiwe kwenye mboga. Na uyoga wowote utakaochipuka hapo usiliwe, wala usiuzwe sokoni. Tungependa kulisema hili mara mbili.

Udhaifu wa kuvu ni kwamba kwenye maji machafu ya kawaida hushindwa na bakteria wanaozaana haraka kuliko wao. Ndiyo maana wanasifiwa sana katika maabara kuliko katika viwanda.

Webuye na Dar es Salaam

Mfano wa karibu nasi haukuwa wa nguo bali wa karatasi. Kiwanda cha Pan Paper cha Webuye, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009, kilikuwa kikitoa maji ya kahawia iliyokolea. Rangi hiyo ilikuwa lignini, ile tuliyoitaja kwenye gogo. Mtafiti Margaret Abira alijenga hapo kinamasi cha majaribio, vitanda vya changarawe vilivyopandwa mafunjo, matete na mimea mingine ya majini, akayapitisha maji ya kiwanda ili kuona kinachobaki kabla ya kufika Nzoia. Tasnifu yake ya mwaka 2008 inahusu mto huo huo unaopokea maji ya Isiukhu. Kati ya vitu alivyopima ni fenoli, kemikali zilizo jirani na vile vipande vya rangi, wala hakuishia kwenye rangi inayoonekana kwa jicho.

Wa pili ni wa rangi zenyewe. Stephen Mbuligwe wa Dar es Salaam alichapisha mwaka 2005 jaribio la kusafisha maji yaliyojaa rangi kwa kutumia vitanda vya aina hiyo. Kimoja alikipanda mimea ya kinamasi inayofanana na matete, kingine akakipanda magimbi, yaani nduma, na kingine kikabaki bila mmea. Vitanda vyenye mimea viliondoa zaidi ya thuluthi mbili ya rangi. Kile kisicho na mmea kiliondoa sehemu ndogo tu.

Nduma! Hakuna mkazi wa Shinyalu asiyeijua, inaota yenyewe kando ya vijito. Mmea wenyewe hauli rangi kwa wingi. Kazi yake ni kupeleka hewa chini kupitia shina hadi mizizini, ili kandokando ya kila mzizi pawe na eneo dogo lenye oksijeni, na hatua chache kutoka hapo pasiwe nayo. Hivyo hatua mbili tulizozieleza hutokea ndani ya kitanda kimoja, zikiwa zimetengana kwa sentimita chache. Ni mfumo wa polepole, lakini hauhitaji umeme. Nduma iliyokua kwenye kitanda hicho, kama ule uyoga, si chakula cha mtu wala cha mifugo.

Kisichowezekana

Viumbe hai huvunja vitu vilivyoundwa kwa kaboni. Hawavunji metali. Kromiamu inabaki kromiamu. Inaweza kunaswa kwenye tope au mizizi, lakini haiishi. Jambo hilo hilo linahusu zebaki inayotumiwa na baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika kaunti yetu: hakuna kinamasi kitakachoigeuza kuwa kitu kingine kisicho na madhara. Kinga yake ni kutoiacha ifike majini.

Chumvi nayo hupita hatua zote mbili bila kuguswa. Kikundi kinachotumia kilo moja ya chumvi kitaitoa kilo moja ya chumvi upande wa pili, hata maji yawe angavu namna gani. Ukiyamwagilia mahali pamoja kwa miaka, udongo utaharibika. Njia ya kweli ni kutumia chumvi kidogo tangu mwanzo, na kutumia maji ya rangi tena: kuanza na njano, kisha chungwa, kisha kahawia, kisha nyeusi, badala ya kumwaga kila mara.

Hesabu kwa kikundi kidogo

Chukua kikundi kinachotoa lita 100 za maji ya rangi kwa wiki. Pipa la lita 200 lenye mfuniko, likijazwa hadi juu kabisa ili hewa isibaki, linaweza kuyakalisha maji wiki mbili. Ndani yake weka ndoo moja ya samadi mbichi iliyokorogwa na maji mwanzoni, kisha uji mwembamba kidogo kila wiki. Mfuniko usikazwe, gesi ipate pa kutokea, na pipa likae nje, mbali na jikoni na pasipo moto.

Baada ya pipa, maji yaende polepole kwenye kitanda cha kokoto chenye eneo la mita moja ya mraba na kina cha nusu mita, kilichotandikwa karatasi nzito ya plastiki chini na pembeni. Kokoto huacha nafasi ya karibu asilimia 40, kwa hiyo kitanda hicho hubeba lita 200 hivi, ambazo ni wiki mbili nyingine.

Sasa ongeza mvua yetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40 alasiri moja, ambayo Shinyalu si habari, huongeza lita 40 na kusukuma nje maji ambayo hayajamaliza muda wao. Utayaona ni angavu kwa sababu yamezimuliwa, njia ile ya kwanza. Kwa hiyo kitanda kiwe na ukingo ulioinuka na paa la mabati angavu linalopitisha mwanga.

Hesabu hii ni ya kuanzia mazungumzo na afisa wa mazingira wa kaunti ndogo. Haichukui nafasi ya kibali wala ya kipimo. Maji yanayotoka yapelekwe kwenye miti ya mbao au maua, mbali na kisima, chemchemi na kijito, na yabadilishiwe mahali mara kwa mara kwa sababu ya chumvi.

Shule zinaweza kufanya jaribio dogo kwa mitungi mitatu ya plastiki iliyoandikwa kwamba si ya kunywa. Wa kwanza una maji ya rangi pekee. Wa pili una maji ya rangi, samadi na uji, umejazwa pomoni na kufunikwa. Wa tatu una vitu hivyo hivyo lakini uko wazi na hukorogwa kila siku. Wanafunzi waandike wanachokiona kwa siku kumi, wakiwa na glavu, chini ya uangalizi wa mwalimu. Kisha waulizwe kwa nini wa pili na wa tatu hazilingani, na ni ipi kati ya njia nne iliyotokea katika kila mtungi.

Sheria na maswali ya kuuliza

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango vya maji yanayoachiliwa katika mazingira: rangi isizidi 15 kwa kipimo cha Hazen, oksijeni inayohitajiwa na vijidudu kwa siku tano isizidi miligramu 30 kwa lita, na ile inayohitajiwa na kemikali isizidi 50. Leseni ya kuachilia maji machafu hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Kipimo cha Hazen kina kasoro moja inayofaa kujulikana. Mmarekani Allen Hazen alikibuni mwaka 1892 kwa ajili ya maji ya njano-kahawia yatokayo vinamasini. Maji ya buluu au waridi hayalingani nacho vizuri. Kwa sababu hiyo namba ya rangi peke yake isikuridhishe.

Mradi wowote wa kutia rangi ukiletwa kwenye ushiriki wa umma, uwe wa kiwanda au wa warsha, uliza haya: Maji yatakaa pasipo hewa kwa muda gani, na penye hewa kwa muda gani? Mvua kubwa ikinyesha yatakwenda wapi? Tope litatupwa wapi, na nani atalipima metali? Majibu ya maabara yanaonyesha rangi tu, au pia mahitaji ya oksijeni ya kemikali, fenoli na kromiamu? Ikiwa rangi imeshuka kwa asilimia 90 lakini mahitaji ya oksijeni ya kemikali hayajashuka, basi vipande bado vimo ndani.

Ukiona kijito kimebadilika rangi, andika siku, saa, mahali na kama mvua ilikuwa imenyesha, upige picha, na usionje wala kunusa kwa karibu. Toa taarifa kwa chifu, kwa afisa wa mazingira wa kaunti ndogo ya Shinyalu, au kwa NEMA. Mamlaka ya Rasilimali za Maji pia ina ofisi ya eneo la Ziwa Viktoria Kaskazini mjini Kakamega. Sampuli ichukuliwe na afisa, kwa chupa safi, juu na chini ya mahali panaposhukiwa, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa maana kufikia kesho asubuhi mto utakuwa umeshaipeleka rangi Nzoia.